Iringa hadi Matema kwa pikipiki ya cc 150: panga kwa saa, si kwa kilometa

Kila anayetaka kuzunguka Nyanda za Juu Kusini kwa pikipiki huniuliza kwanza, "Hiyo cc 150 itafika?" Itafika. Viazi, mbao, maziwa na wagonjwa wa Makete hupanda na kushuka milima ile kila siku juu ya pikipiki hizohizo, tena mishikaki. Mlima haumshindi mgeni. Kinachomshinda ni hesabu ya muda. Anatazama ramani, anaona kilometa mia na kidogo, anasema saa mbili zinatosha. Saa tisa alasiri ukungu unamkuta juu ya Kitulo, vidole vimekufa ganzi, na hata kijiji kinachofuata hajui kinaitwaje.

Njia ninayoeleza hapa inaanza Iringa, inapita Mafinga, Makambako na Njombe, inapanda Makete na uwanda wa Kitulo hadi Matamba, inateremka kona za Hamsini na Saba mpaka Chimala, kisha Uyole, Tukuyu, na kuishia Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni siku tano bila kukimbizana. Wa Mbeya mnaweza kuigeuza, ila mjue mtakuwa mnaipanda Hamsini na Saba badala ya kuiteremka. Kupanda ni kazi ya injini, kuteremka ni kazi yako.

Hatua ya 1: Chagua msimu, na ukubali gharama yake

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine Mei. Tatizo ni kwamba maua ya Kitulo, yale yaliyoufanya uwanda ule uitwe Bustani ya Mungu, hustawi kipindi hichohicho cha mvua. Hifadhi ina aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini, na ukizitaka lazima uzifuate kwenye tope. Juni hadi Oktoba barabara ni kavu, ila Juni na Julai kuna baridi ya kuogopesha: asubuhi umande umeganda kwenye majani na kiti cha pikipiki kimekuwa cheupe.

Kama hujawahi kupita huko, nenda Septemba au Oktoba. Utakula vumbi na maua hutayaona, lakini utaijua njia. Maua yafuate mwaka wa pili.

Hatua ya 2: Andaa pikipiki wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari

Nasema wiki moja kwa sababu kifaa kipya kikiwa kibovu hujionyesha ndani ya siku tatu nne za mizunguko ya mjini. Afadhali kikuharibikie Kihesa, hapo Iringa mjini, kuliko Bulongwa, huko ndani Makete.

Nenda na pikipiki ambayo fundi wa kijijini anaifahamu. Nimeona wageni na mapikipiki makubwa ya cc 800 na zaidi wakisubiri kifaa kutoka nje ya nchi kwa majuma, huku kijana wa Boxer anapata klachi nzima kwenye duka la jirani na soko. Uzito nao ni suala. Ukiangusha kilo 110 kwenye utelezi unainyanyua peke yako. Ukiangusha kilo 230 unaanza kutafuta watu.

Mwaga oili, weka mpya. Tazama cheni: ikibonyezwa katikati icheze sentimeta 2 hadi 3, wala si zaidi. Ikishavutika mpaka meno ya spoketi yamechongoka kama ya papa, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya spoketi kuukuu haidumu. Breki shuu za nyuma zitoe uziangalie kwa macho yako, usikubali kuambiwa "bado zipo". Tairi la nyuma liwe la vishikizo vikubwa. La mbele ukilibadilisha ni vizuri, usipoweza utafika tu.

Kuna ujanja mmoja ambao umeniokoa mara mbili. Waya wa klachi ukikatika porini, kazi ngumu ni kuupitisha mpya chini ya tenki huku mikono inatetemeka kwa baridi. Kwa hiyo pitisha waya wa akiba mapema, sambamba na ule unaofanya kazi, ncha zake zifungwe kwa nailoni zisiingie maji. Wa kwanza ukikatika unachomoa ncha mbili, unachomeka ncha mbili, unaondoka.

Filta ya hewa isafishe, na hapa nieleze kwa nini. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo kilekile cha chini. Mchanganyiko unazidi mafuta, plagi inashika masizi meusi, na injini inapoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, kwa hiyo huko juu karibu robo ya nguvu imeondoka. Filta iliyoziba inaongeza ubaya juu ya ubaya. Watu wanakimbilia kumwambia fundi achezee kabureta. Kwa safari ya siku tano mimi siigusi. Nasafisha filta, nabeba plagi mbili, nashusha gia mapema, basi.

Hatua ya 3: Mzigo uwe mdogo na ukae chini

Vifaa: tyubu mbili (ya mbele na ya nyuma, hazilingani), viraka na gundi, pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana zinazoingia kwenye nati za pikipiki yako hasa, bisibisi, koleo, waya mwembamba wa kufungia, plagi, na kiungo cha cheni. Jaribu kutoa na kurudisha tairi la nyuma nyumbani kwako mara moja kabla ya safari. Ikikuchukua saa mbili uwani penye kivuli, utajua maana yake kwenye matope.

Mzigo ufunge kwa mipira ya tyubu iliyochanwa. Kamba huwa inalegea kwa mtikisiko, mpira unaendelea kubana. Vizito viwe chini na karibu na mgongo wako. Ukiviweka mwisho wa kiti, usukani unakuwa mwepesi kwenye mlima na gurudumu la mbele linaanza kutangatanga.

Nguo: koti la mtumba la ngozi au la turubai nene, sweta mbili, glavu, buti zinazopita kifundo cha mguu, na suti ya mvua ya vipande viwili. Gazeti likitandazwa kifuani chini ya koti huzuia upepo vizuri kuliko sweta ya tatu.

Hatua ya 4: Karatasi

Leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki au nakala yake, na bima iliyo hai. Kofia ngumu ni lazima, na abiria wako naye avae ya kwake. Ukikosa kimojawapo, trafiki wa kwanza ndiye atakayekupangia ratiba.

Hatua ya 5: Lami ya TANZAM (barabara kuu ya kwenda Zambia) hadi Makambako, kisha Njombe

Watu wanaidharau siku hii kwa kuwa ni lami, wakati ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Malori ya Tunduma, ya Zambia na ya Kongo yanapita hapa usiku na mchana, na eneo la Mafinga yanaongezeka ya magogo na mbao za msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Ondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, tenga saa tano kufika Njombe pamoja na chai, na usipitishe saa nane mchana barabarani.

Lori kubwa likija mbele yako kwa kasi linasukuma ukuta wa hewa. Usikaze mikono. Lala kidogo juu ya tenki, bana tenki kwa magoti, shika usukani kwa ulaini, na uache pikipiki iyumbe kidogo na kurudi yenyewe. Anayekaza mikono ndiye anayepelekwa pembeni.

Ukiona matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguza mwendo hapohapo: kuna gari limeharibika mbele, pengine nyuma ya kona. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto anamaanisha pita, ya kulia anamaanisha subiri. Mshukuru kwa honi, lakini angalia mwenyewe kabla ya kupita. Yeye anaona kilicho mbele yake, hajui pikipiki yako inachukua muda gani kumaliza trela lote kwenye mlima.

Jambo la Iringa nisilisahau: msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ndoo na chupa ziko kila kona, na wenyeji ni wakarimu. Kunywa jioni pikipiki ikiwa imeshafungiwa uani. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu kama juisi, hauonyeshi sura yake mpaka ukae kwenye kiti.

Hatua ya 6: Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo

Njombe jaza tenki mpaka juu. Tenki la lita 10 au 11, hata ukihesabu kilometa 30 tu kwa lita kwa sababu ya milima na mzigo, linakufikisha Chimala bila kumwomba mtu. Hesabu hii mimi niliijua, na bado mwaka mmoja niliondoka Njombe na nusu tenki kwa sababu foleni ya kituo ilikuwa ndefu.

Njombe hadi Makete ni kama kilometa 107, lami, kona tupu. Nililala Makete, asubuhi nikachelewa kwa ajili ya chai na viazi, nikatoka saa nne. Mbele kidogo nikaona mafuta yanashuka, nikanunua lita mbili za chupa kwenye kibanda. Kilometa chache baadaye pikipiki ikaanza kukohoa. Nikivuta mafuta inazama, nikiachia inashika. Nikabadilisha plagi. Ikawaka, ikaenda mita mia tatu, ikazima. Upepo wa uwandani unapiga, hakuna mti hata mmoja wa kujificha.

Akatokea mzee mwenye koti refu la mvua, anachunga kondoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mafuta umenunua wapi?"

Nikamwambia. Akacheka, akachuchumaa, akanionyesha kwa fimbo skrubu ndogo chini ya kikombe cha kabureta. "Fungua hapo, kinga na kifuniko."

Nikafunga koki ya tenki, nikakinga kifuniko cha chupa, nikalegeza skrubu. Kikatoka kimiminika, na chini yake matone ya mviringo yanakimbizana, hayachanganyiki na petroli. Maji. Nikamwaga, nikafungua koki kidogo, nikakinga tena. Mara ya nne matone yakaisha. Nikapiga kiki tatu, ikawaka. Mzee alikuwa ameshaondoka na kondoo wake.

Kwa hiyo ukilazimika kununua petroli ya chupa, iache chupa isimame dakika kumi, kisha itazame chini kwenye mwanga. Petroli huelea juu ya maji, utaona mstari. Mimina taratibu na uache kimo cha kidole kimoja chini. Kuchuja kwa kitambaa huondoa takataka, hakuzuii maji.

Makete hadi Matamba tenga saa nne na uanze saa kumi na mbili na nusu. Sababu ni ukungu na mvua za mchana: asubuhi uwanda uko wazi, unaona mpaka vilele vya mbali, Mtorwi ukiwemo wenye mita 2,961, na kuanzia saa sita mawingu yanaingia kwa miguu yao. Ukungu ukikufunika, washa taa ya chini, kaa kushoto kabisa, na kama huoni mita 30 mbele, simama nje ya barabara.

Kwenye vumbi lililolala au kokoto, punguza upepo wa tairi kidogo tu. Ukipunguza sana, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, unapata pancha yenye mashimo mawili kama kuumwa na nyoka. Simama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, macho mbali mbele. Kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu ya malori, chagua mmoja ubaki nao. Ajali nyingi hapa hutokea pale mtu anapobadili mawazo katikati.

Tope jekundu la Makete likiloa halina urafiki. Gia ya pili, mwendo wa polepole usiokatika, breki ya mbele isahau. Likijaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, usivute mafuta na kuunguza klachi. Shuka, toa tope kwa kijiti. Ni dakika tano.

Ofisi za hifadhi ziko Matamba. Ukitaka kuacha njia na kutembea kwenye maua, pita uulize taratibu na ulipe kiingilio. Pikipiki isikanyage majani, hata kwa ajili ya picha.

Hatua ya 7: Kuteremka Hamsini na Saba

Lala Matamba, teremka asubuhi. Jina ni idadi ya kona, zilizokunjwa juu ya ukuta wa mlima kutoka uwandani hadi Chimala. Watu huzihesabu. Mimi nikifika thelathini na kitu huwa nimepoteza hesabu kwa sababu ya lori la viazi.

Mazoea mabaya ya huku ni kuzima injini na kuserereka ili kuokoa mafuta. Usithubutu. Injini ndiyo breki yako kuu. Weka gia ya kwanza au ya pili tangu juu kabisa, toa mkono kwenye klachi na uache injini ilie. Breki zitumie kabla ya kona, kwa kugusa na kuachia, gusa na kuachia. Ukikanyaga ya nyuma mfululizo, ngoma yake inapata moto, kanyagio linakuwa laini, na ghafla hakuna breki.

Simama mara mbili au tatu njiani. Dondoshea ngoma ya nyuma tone la maji: likichemka kwa mlio, kaa hapo robo saa uangalie bonde la Usangu lilivyolala chini. Usiimwagie maji mengi, chuma cha moto kikipoa ghafla huweza kupasuka.

Kwenye kona, piga honi kabla hujaingia. Anayepanda na mzigo mpe njia, akisimama pale kuondoka tena ni taabu. Kokoto legevu hujikusanya ukingo wa nje na katikati, kwa hiyo pita palipokanyagwa na magurudumu ya magari. Geuza kichwa utazame unakotaka kutokea. Ukilitazama korongo, pikipiki nayo italifuata. Kwa mvua, panga kulala siku nyingine Matamba. Nimekaa huko siku mbili nikila viazi na maharage, na sijutii.

Ukishuka utahisi mambo mawili: joto linapanda kupitia buti, na injini inapata nguvu zake tena. Kama fundi wa juu aliipunguzia kabureta mafuta, Chimala ndipo pa kuirudisha. Mchanganyiko mwembamba kwenye hewa nzito ya chini huchemsha injini kimyakimya.

Chimala hadi Uyole ni lami ya TANZAM tena, kama kilometa 70. Yale ya hatua ya tano yote yanarudi.

Hatua ya 8: Uyole, Tukuyu, Matema

Kutoka Uyole barabara inapanda milima ya Uporoto, baridi na ukungu hata wakati Mbeya mjini kuna jua, kisha inashuka kupitia Kiwira kwenye migomba na chai. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, kwa hiyo suti ya mvua isikae chini ya mzigo. Kiwira kuna Daraja la Mungu, mwamba uliovuka mto wenyewe. Ni mchepuko mfupi, unalipa.

Unyakyusani salamu ni kazi, usiipitishe haraka. Mtu mzima mwambie "Mugonile", subiri ajibu, ndipo uulize njia. Ukimwuliza njia kabla ya salamu utaelekezwa, lakini utaelekezwa kwa mkono tu. Upande wa Iringa na Njombe ilikuwa "Kamwene".

Baada ya Tukuyu kuna njia mbili. Ya lami inashuka kuelekea Kyela na kukata Kikusya kwenda Ipinda, na ina malori ya mpaka wa Malawi. Ya Masoko ni ya vumbi, ina vijiji na ziwa la shimo la volkano, na mvua ikinyesha ina utelezi. Mimi hupita Masoko nikiwa na muda, Kikusya nikiwa na mawingu. Ziwa liko kwenye mita 474 tu, kwa hiyo ndani ya siku moja utakuwa umeshuka karibu kilometa mbili kwenda chini. Vua sweta mojamoja, na kunywa maji kabla ya kusikia kiu.

Matema kuna wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa, na ng'ambo kidogo, Ikombe, Wakisi wanafinyanga vyungu vyao. Kimoja kidogo kinaweza kurudi na wewe kikijazwa nguo ndani na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Pikipiki usiiegeshe mchangani kwa kistendi cha pembeni bila kitu chini yake. Okota kopo tupu la maziwa, liponde kwa kisigino, uliweke chini ya kistendi, kisha ndiyo uende kuoga.